SOMO LA SITA: VIZA YA HIFADHI IKIKATALIWA, RUFANI HUKATWAJE?

Viongozi wa vikundi, tafadhalini hakikisheni kwamba kila aliyekaa hapo karibu na redio ana daftari na kalamu. Leo tutataja hesabu ya siku, na hesabu ya siku haifai kuachwa kichwani. Wazee wetu walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Nasi leo tunazungumza juu ya jambo lenye thamani kuliko mali, yaani usalama wa mtu.

Juma lililopita tulieleza namna mtu aliyefika Australia anavyoomba viza ya hifadhi, ile yenye namba 866. Tulisema kwamba Australia iliukubali Mkataba wa Wakimbizi wa mwaka 1951, nao ukaanza kuifunga nchi hiyo mwaka 1954. Tulitaja pia sababu tano ambazo mkataba huo unazitambua: mbari, dini, uraia, maoni ya siasa, na kuwa mmoja wa kundi maalum la jamii. Leo twaendelea mbele. Twauliza hivi: mtu huyo akijibiwa "hapana", afanye nini?

Somo hili ni la ninyi mlioko Melbourne, Brisbane, Perth na Adelaide, na pia la ninyi mlioko nyumbani wenye jamaa huko. Mara nyingi barua ya kukataliwa ikifika, simu ya kwanza hupigwa nyumbani. Basi na wa nyumbani yampasa ajue la kusema.

Kwanza: kukataliwa si mwisho wa shauri

Ombi la hifadhi huamuliwa kwanza na ofisa wa Wizara ya Mambo ya Ndani, anayetumia madaraka aliyopewa na Waziri. Ofisa huyo ni mtu mmoja, naye aweza kukosea. Ndiyo maana sheria imeweka Baraza linaloweza kuitazama kazi yake upya. Baraza hilo ni Baraza la Kupitia Maamuzi ya Serikali, ambalo kwa herufi za Kiingereza huitwa ART. Lilianza kazi tarehe 14 Oktoba 2024, likachukua nafasi ya baraza la zamani lililoitwa AAT. Kwa hiyo kama rafiki yako alikata rufani miaka ya nyuma na akakusimulia mambo ya AAT, msikilize kwa adabu, lakini usizifuate karatasi zake za zamani.

Baraza hili halimwulizi ofisa tu kama alifuata taratibu. Lenyewe huanza upya. Husoma habari zote, humwita mwombaji, humsikiliza, kisha huamua kwa hali ilivyo siku ile ya kuamua. Neno hili ni kubwa, ndugu wasikilizaji. Maana yake ni kwamba ushahidi uliopatikana baada ya kukataliwa waweza kupelekwa, na mambo yaliyotokea nyumbani baada ya kukataliwa yaweza kuhesabiwa.

Pili: siku hazimngojei mtu

Sasa shikeni kalamu. Mtu asiyekuwa kizuizini ana siku 28 za kukata rufani, zikihesabiwa tangu siku anayohesabiwa kuwa amearifiwa. Aliyeko kizuizini cha uhamiaji ana siku 7 tu. Andikeni: 28 na 7. Na andikeni chini yake: Baraza halina uwezo wa kuongeza hata siku moja. Ukifika siku ya 29, hata uwe na ushahidi wa kujaza kikapu, mlango umefungwa.

Huenda mtu akauliza, "Je, kuarifiwa ni kuisoma barua?" La, sivyo. Barua ikitumwa kwa barua pepe, sheria yahesabu kwamba umeipokea mwisho wa siku ile ile iliyotumwa, hata kama hukuifungua. Ikitumwa kwa posta ndani ya Australia, wahesabiwa umeipokea siku 7 za kazi baada ya tarehe iliyoandikwa juu yake. Ikiwa ulimtaja wakala apokee barua zako, akipata yeye umepata wewe.

Tuchukue mfano. Barua pepe imetumwa tarehe 3 Machi. Siku ya 28 ni tarehe 31 Machi. Mtu aliyekuwa shambani akichuma matunda, asiyefungua barua zake mpaka tarehe 25, amebakiwa na siku sita. Kwa hiyo tunasema: mwombaji afungue barua zake kila siku, na kila akihama nyumba au akibadili anwani aiarifu Wizara upesi. Chelewa chelewa, utamkuta mwana si wako.

Ombi la rufani lenyewe si gumu kupeleka. Laweza kupelekwa kwa njia ya intaneti, pamoja na nakala ya barua ya kukataliwa. Si lazima hoja zote ziwe tayari siku hiyo. Kwanza fungua mlango ndani ya muda, kisha leta mizigo yako. Katika shauri la hifadhi hakuna ada ya kulipa unapokata rufani. Lakini ukishindwa, utadaiwa ada inayozidi dola 2,000 za Australia. Afadhali mjue jambo hilo mapema kuliko kustushwa nalo baadaye.

Na tukumbushane jambo jingine. Mtu aliyekataliwa hifadhi akiwa ndani ya Australia, kwa kawaida haruhusiwi kuomba viza hiyo mara ya pili akiwa humo humo. Basi asiache rufani ipite akidhani kwamba ataanza upya kwa fomu nyingine. Hakuna fomu nyingine.

Tatu: soma sababu, kisha zijibu moja moja

Pamoja na barua ya kukataliwa huja hati ndefu yenye sababu. Wengi wakisha kuona neno "imekataliwa" huitupa hati hiyo kabatini kwa uchungu. Hilo si jema. Hati hiyo ndiyo ramani ya rufani yako. Humo ofisa ameandika alichokiamini na asichokiamini. Hapana haja ya kupigana na yale aliyoyaamini. Kazi yako ni yale asiyoyaamini.

Ili tuelewe vizuri, tubuni mfano. Tuseme kuna bwana mmoja, muuza nguo wa mtaa wa Buyenzi mjini Bujumbura, mtaa unaojulikana kwa Kiswahili chake. Mwaka 2015, watu wa Bujumbura walipoandamana kumpinga Rais Pierre Nkurunziza kugombea kipindi cha tatu, bwana huyu alikuwa miongoni mwao. Anasema kwamba vijana wa chama kinachotawala, wanaoitwa Imbonerakure, walimfuata dukani kwake usiku, na kwamba ndugu yake alichukuliwa, hakurudi. Mwaka 2019 akapata viza ya kutembelea Australia, akafika kwa ndege, akaomba hifadhi. Baada ya miaka mingi ya kungoja akajibiwa hapana. Hati yake ina sababu nne.

Sababu ya kwanza: alisema kwamba walimjia "saa mbili usiku", na karatasi ikaandikwa saa 2 za usiku wa manane. Lakini barua ya jirani yake, iliyoandikwa kwa Kifaransa, yasema saa 20. Ofisa akaona maneno hayapatani. Ninyi wasikilizaji mmekwisha kuona kosa liko wapi! Saa mbili ya usiku kwetu ni saa 20 kwa Mfaransa. Hakuna uongo hapo, kuna tafsiri mbovu tu. Jibu lake ni barua fupi, ikieleza kwamba Waswahili huhesabu saa tangu kuchwa na tangu kucha kwa jua, na kuomba kinasa sauti cha mahojiano kisikilizwe tena.

Sababu ya pili: mwanzo alisema "ndugu yangu" alichukuliwa, nayo ikaandikwa kuwa ni kaka wa tumbo moja. Baadaye akasema ni mtoto wa baba yake mdogo. Ofisa akadhani amebadili hadithi. Hapa pia kosa ni la lugha. Kwetu mtoto wa baba mdogo ni ndugu, wala hatumwiti kwa jina la mbali. Basi na aandike ukoo wake waziwazi: huyu ni nani, mama yake nani, baba yake nani, walilelewa nyumba gani.

Sababu ya tatu: ofisa anasema kwamba Nkurunziza alifariki mwaka 2020, rais mwingine ameshika kiti, kwa hiyo hatari imepita. Hii si ya lugha, nayo ni nzito zaidi. Sheria ya hifadhi haiulizi tu, "Uliteswa jana?" Yauliza, "Ukirudi, litakupata nini kesho?" Basi haitoshi bwana huyu kusimulia mwaka 2015 peke yake. Hana budi kuonyesha kwamba watu wa namna yake wangali hatarini hata sasa. Mwaka 2021 Baraza la Haki za Binadamu la Umoja wa Mataifa liliamua kumweka mchunguzi maalum wa hali ya haki za binadamu Burundi, na taarifa zake huchapishwa. Taarifa za namna hiyo zitafutwe, na mahali panapohusu pawekwe alama. Barua za jamaa waliobaki nyumbani pia zina uzito, zikisema waliyoyaona wenyewe, kwa tarehe na mahali, si uvumi.

Na kipimo cha hatari ni kipi? Si lazima mtu athibitishe kwamba hakika atadhurika. Katika shauri la mwaka 1989 Mahakama Kuu ya Australia ilieleza kwamba yatosha kuwepo uwezekano wa kweli, usiokuwa wa kubahatisha, hata ukiwa chini ya nusu kwa nusu. Tena, tangu Machi 2012, kuna njia ya pili ndani ya sheria hiyo hiyo. Mtu asiyeingia katika zile sababu tano aweza kupata hifadhi ikiwa kuna hatari ya kweli kwamba akirudishwa atauawa, atateswa, au atatendewa ukatili mkubwa. Baraza hutazama njia zote mbili.

Sababu ya nne: ofisa anasema, kama Bujumbura pana hatari, na ahamie Gitega. Hoja hii huletwa mara nyingi sana. Jibu lake hutegemea ni nani anayekufuata. Kama ni jirani mwenye ugomvi wa kiwanja, huenda kuhama mji kukatosha. Lakini kama ni watu wenye mkono wa serikali, mkono huo umefika Gitega pia. Mwombaji aeleze ni nani hasa anayemtafuta, na kwa nini huyo aweza kumpata popote ndani ya nchi.

Nne: juu ya kweli, na juu ya jambo lililosahauliwa

Kuna watu barabarani wanaouza hadithi. Humwambia mwombaji, "Yako haitoshi, ongeza hivi na hivi." Msiwasikilize. Njia ya mwongo ni fupi. Mjumbe wa Baraza anayo maneno yako yote tangu siku ya kwanza: fomu ya viza ya kwanza, mahojiano, barua. Uongo mmoja ukigunduliwa, hata yaliyo kweli hayaaminiki tena.

Lakini je, mtu akiwa amesahau jambo la kweli, au aliona haya kulisema? Kuna mama aliyebakwa ambaye hakuweza kutamka neno hilo mbele ya ofisa mwanamume. Kuna kijana aliyeficha kwamba anapenda wanaume wenzake, kwa kuwa mkalimani alikuwa mtu wa mtaa wake. Hawa hawakudanganya, walinyamaza. Sheria inaliagiza Baraza litilie shaka jambo jipya lililoletwa wakati wa rufani bila sababu ya maana. Kwa hiyo jambo jipya liletwe mapema, kwa maandishi, pamoja na sababu ya kunyamaza hapo kwanza. Barua ya daktari au ya mshauri wa afya ya akili yaweza kusaidia sana hapo. Mama huyo aweza pia kuomba asikilizwe na mjumbe mwanamke na atafsiriwe na mkalimani mwanamke.

Tano: mkalimani na siku ya kusikilizwa

Baraza humpa mwombaji mkalimani bila malipo. Unapojaza fomu usiandike "Kiswahili" tu ukaishia hapo. Kiswahili cha Bukavu si kile cha Mombasa, wala cha Lubumbashi si kile cha Unguja. Andika Kiswahili cha wapi. Ikiwa lugha ya moyo wako ni Kirundi au Kinyarwanda au Mashi, sema hivyo.

Na ujihadhari na neno "yeye". Kiswahili hakibagui mume na mke katika neno hilo, lakini Kiingereza hubagua. Ukisema "alikuja akanificha", mkalimani huenda akamfanya dada yako kuwa mwanamume, nawe huna habari. Taja mtu kwa jina. Taja saa kwa kusema asubuhi, jioni au usiku, na ueleze kwamba ni saa za Kiswahili. Kama humwelewi mkalimani, inua mkono useme papo hapo. Si utovu wa adabu. Ukinyamaza kwa heshima, heshima hiyo itaandikwa kuwa ndiyo.

Siku ya kusikilizwa huja baada ya miezi mingi, na mara nyingi miaka. Shauri la hifadhi husikilizwa faraghani; hawaingii watazamaji. Waweza kuwa na wakili, lakini mjumbe atataka kukusikia wewe mwenyewe. Atauliza maswali mengi, mengine makali. Asiye na kumbukumbu ya tarehe aseme, "Sikumbuki tarehe, lakini ilikuwa wakati wa mvua za masika, kabla mtoto wangu hajazaliwa." Jibu hili ni bora kuliko tarehe ya kubuni. Usipohudhuria bila udhuru, Baraza laweza kuifuta rufani yako. Na ukipokea barua inayokutaka ujibu habari inayokupinga, tazama mwisho wa kujibu umewekwa lini, ujibu kabla yake.

Wakati wote huo mwombaji huishi kwa viza ya muda ya kungojea. Asome masharti yake: kama anaruhusiwa kufanya kazi, na lini inakwisha. Asitoke nje ya Australia bila idhini iliyoandikwa kwenye viza, maana huenda asiweze kurudi. Na mtu anayesema anaogopa kuuawa kwao, akienda kwao kwa arusi, amelibomoa shauri lake kwa mikono yake.

Sita: baada ya Baraza

Baraza laweza kulirudisha shauri Wizarani na maelekezo kwamba mwombaji anastahili hifadhi. Hapo hubaki uchunguzi wa afya, wa mwenendo na mengineyo. Au laweza kukubaliana na ofisa. Hatutawaficha: walio wengi hushindwa. Ndiyo sababu tunasisitiza kazi ifanywe vizuri mara ya kwanza.

Aliyeshindwa aweza kwenda katika Mahakama ya Shirikisho ya Mzunguko na Familia ndani ya siku 35 tangu tarehe ya uamuzi wa Baraza. Lakini mahakama hii ni kitu kingine kabisa. Haiulizi kama unasema kweli, wala haitoi viza. Yauliza tu kama Baraza lilikosea sheria: halikusikiliza hoja yako mojawapo, kwa mfano, au halikukupa nafasi ya haki ya kujibu. Ikiona kosa la namna hiyo, hurudisha shauri kwa Baraza lisikilizwe upya. Jina lako halitatangazwa. Mashauri hayo huandikwa kwa herufi na namba. Lakini ukishindwa waweza kuamriwa kulipa gharama za upande wa Serikali, nazo si ndogo. Basi usiende huko kabla wakili hajausoma uamuzi wako.

Pia Waziri ana uwezo wa kutoa uamuzi wenye nafuu zaidi baada ya Baraza, akiona ni kwa faida ya umma. Hilo ni hiari yake, si haki ya mtu, nao wanaopata ni wachache.

Saba: nani asaidie?

Katika Australia, anayetoa msaada wa mambo ya viza ni lazima awe wakala aliyeandikishwa au mwanasheria mwenye kibali. Daftari la mawakala lawazi kwa kila mtu kulitazama kwenye intaneti. Mtu akisema, "Nipe fedha taslimu, usimwambie mtu," huyo ni mwizi wa siku zako kabla ya kuwa mwizi wa fedha zako. Yako mashirika yanayowasaidia waomba hifadhi bila malipo: Melbourne kuna Refugee Legal na Asylum Seeker Resource Centre, na Sydney kuna RACS. Kazi yao ni nyingi, basi mtu aende siku ile ile apatapo barua. Asiyejua Kiingereza apige namba 131 450, huduma ya wakalimani kwa simu ya Serikali, ataje "Swahili", naye aombe aunganishwe. Na kwa kuwa sheria hizi hubadilika, barua yako mwenyewe ndiyo neno la mwisho juu ya siku zako.

Maswali ya kuzungumza katika kikundi

1. Barua pepe ya kukataliwa imetumwa tarehe 10 Juni. Siku ya mwisho ya kukata rufani ni ipi kwa asiyekuwa kizuizini?

2. Tafuteni maneno matano ya Kiswahili, mbali na "ndugu" na "saa", yanayoweza kumpoteza mkalimani. Mngeyaelezaje?

3. Jamaa yako anataka kuongeza uongo katika shauri lake kwa sababu anaogopa kwamba kweli yake ni ndogo. Utamwambia nini?

4. Kuna tofauti gani kati ya kazi ya Baraza na kazi ya Mahakama?

Juma lijalo tutasoma juu ya kuandika barua ya ushahidi: nani aiandike, aseme nini, na itafsiriwe na nani. Wenye barua za namna hiyo nyumbani waje nazo kikundini. Mpaka hapo, kaeni salama.